Meseji Imefika

Mangeni alikuwa jirani yangu wa ukuta. Kioski changu cha laini za simu kiko upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kungoja karatasi zao, na nyuma yangu kuna kichumba alichokuwa amepanga yeye. Mimi ni Mkenya. Asubuhi navuka kwenda kazini nchi ya watu, jioni navuka kurudi kulala kwangu, na hakuna anayeona ajabu. Wengi wetu hapa Busia ndivyo tunavyoishi.

Kwa hiyo namjua Mangeni kama unavyomjua mtu ambaye kikohozi chake unakisikia kila siku. Sitamsifu kupita kiasi. Alikuwa mkaidi, alisahau kula, na swali lako alilijibu wewe ukiwa umeshalisahau. Mkate wake aliupata kwa kutengeneza kompyuta za maajenti wa forodha. Moyo wake wote ulikuwa kwenye kitu kingine alichokiita Tarishi, na hicho ndicho kilichomletea haya yote.

Alinieleza Tarishi ni nini mara nyingi mpaka nikaelewa kwa lazima. Kuna kampuni inayotuma meseji kwa wingi. Ukiwa na shule na unataka wazazi wote wajue siku ya mkutano, hukai ukaandika meseji mojamoja. Programu yako inapeleka ombi kwenye mtandao wa kampuni, nayo kampuni inazimwaga. Lakini mlango wa kuingilia kwa kampuni hiyo, ambao wao wanauita API, una masharti mengi. Lazima ubishe kwa namna yao, uonyeshe ufunguo wao, upange maneno wanavyotaka, la sivyo hufunguliwi. Mangeni aliandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, kipande cha programu kinachoyajua masharti yote hayo. Wewe unakichukua, unakiweka ndani ya programu yako, halafu unaandika mstari mmoja tu: mpelekee fulani maneno haya. Kazi ya kubisha inafanywa na Tarishi. Tena inakurudishia jibu, kama meseji imetumwa, imefika, au imeshindikana. Kitu cha namna hiyo watu wa kompyuta wanakiita maktaba, ingawa hakina kitabu hata kimoja.

"Na unakiuza wapi?" nilimuuliza.

"Hakiuzwi. Nimekiweka mtandaoni, anayetaka anachukua."

"Basi sema umefungua kanisa."

Alicheka. Wakati ule alikuwa bado anacheka.

Jina la Tarishi lilitoka kwa dada yake mdogo, Nasirumbi. Walizaliwa kijiji cha Masinya, upande wa Uganda, na shangazi yao aliolewa upande wa Kenya. Kila mama yao alipokuwa na neno la kumwambia shangazi, Mangeni kama mkubwa ndiye aliyetumwa, naye akajificha nyuma ya jiko. Nasirumbi alienda badala yake. Alikimbia, akapita kizuizi cha mpakani katikati ya miguu ya watu, akafikisha neno, akarudi na jibu kabla chungu hakijachemka. "Huyo ndiye tarishi wa nyumba," baba yao alikuwa akisema. Mangeni alipoandika programu yake hakutafuta jina jingine.

Nilimfahamu Nasirumbi pia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Nabuyoga, alikoolewa na mkulima mmoja Mjopadhola aitwaye Oboth. Akija kumwona kaka yake alipitia kwangu kwanza aniulize, "Dada Marion, leo huyu mtu amekula?" Nikisema hapana, aliingia kule nyuma, na ugomvi wake niliufurahia kuliko redio.

Nilidhani mtu akishaandika kitu kama Tarishi amemaliza. Kumbe ndiyo kwanza ameanza. Kampuni ilikuwa na tabia ya kubadilisha mlango wake bila haya. Leo ufunguo unaonyeshwa hivi, kesho vile, na siku hiyo kila aliyekuwa akitumia Tarishi alikwama. Hapo meseji zilimiminika kutoka kwa watu asiowajua. Tarishi yako imekufa. Rekebisha haraka, bosi anangoja. Mbona umenyamaza? Utadhani alikuwa boi wao wa nyumbani. Mangeni aliacha kompyuta ya mtu aliyemlipa, akakaa na kazi ya wasiomlipa, akatoa toleo jipya la Tarishi, na chini yake akaandika maelezo marefu ya kilichobadilika. Maelezo hayo hakuna aliyeyasoma. Watu walichukua toleo jipya, wakaona linafanya kazi, wakaenda zao.

Tangu mwanzo Tarishi ilikuwa na ukaidi mmoja, na ukaidi huo iliurithi kwa mwenyewe. Ilikataa namba yoyote ya simu isiyoanza na alama ya nchi, yaani plasi na tarakimu za nchi hiyo. Uganda ina yake, Kenya ina yake. Ukiandika namba fupi, inayoanza na sifuri, Tarishi ilikurudishia maandishi mekundu na haikutuma kitu.

Sasa, mtu wa mpakani haandiki alama ya nchi. Mimi nauza laini na siandiki. Kila mtu hapa ana laini mbili, ya huku na ya kule, na akivuka anazibadilisha kama anayevua viatu mlangoni. Namba ya Kenya inaanza sifuri saba. Namba ya Uganda inaanza sifuri saba. Urefu ni uleule. Mtu akikutajia yake, hasemi ni ya nchi gani, na wewe huulizi. Unajua kwa lafudhi yake, kwa biashara yake, kwa mahali mliposimama. Tumeishi hivyo na tunapatana vizuri.

Malalamiko yakaanza. Mtu mmoja wa Lumino, mwenye chama cha wauza samaki, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Mangeni alinisomea maneno yake akiwa amesimama mlangoni kwangu: "Watu wetu hawajui hiyo plasi yako. Karani anaingiza namba, Tarishi inakataa, anaacha kazi. Wewe ni mtu wa hapa kweli, ama umezaliwa Ulaya?"

Hilo la Ulaya lilimchoma. Alizunguka nalo wiki nzima. Mwishowe akailegeza Tarishi: namba ikianza na sifuri, iihesabu kuwa ya Uganda na iiwekee alama yenyewe. Wengi waliokuwa wakiitumia walikuwa Uganda, naye ni Mganda, kwa hiyo hesabu ilionekana sawa. Chini ya toleo aliandika onyo kwamba wenye namba za nchi nyingine waziandike kwa urefu. Siku ile alipokea shukrani nyingi kuliko zote alizowahi kupata, akaja akaninunulia soda. Nilimwona amefurahi nami nikafurahi. Yeyote angefurahi.

Miongoni mwa waliochukua toleo hilo alikuwamo Ojangole, fundi wa kompyuta katika hospitali moja ndogo ya misheni nje ya Tororo. Alikuwa ametengeneza programu nzuri. Watu wanaojitolea kutoa damu wanaandikishwa majina, kundi la damu na simu. Siku damu ya kundi fulani ikikosekana kwenye friji, nesi anabonyeza kitufe, na wenye kundi hilo wanaitwa kwa meseji. Ndani ya programu hiyo, anayebisha mlango alikuwa Tarishi. Mangeni alipopata habari hiyo alinihubiria mchana kutwa. Kumbe kanisa lake lilikuwa na waumini wa maana.

Nasirumbi akashika mimba, na mimba ilipofika mwisho alijifungulia hospitali hiyohiyo.

Niliyoyasikia ya siku ile niliyasikia kwa Lillian, nesi wa wodi ya wazazi, na kwa Oboth, na mengine kwa Mangeni mwenyewe, kidogokidogo, kwa miezi. Mtoto alizaliwa asubuhi, msichana, mzima. Kisha damu ikaanza kutoka na haikukoma. Walimtundikia dripu, wakampa dawa, daktari akafanya alichoweza. Damu aliyohitaji ilikuwa ya kundi O hasi, ambalo wenyewe ni wachache, na akiba yake kwenye friji ilikuwa imeishia kwa mgonjwa wa jana yake. Mangeni alikuwa ameshafika na matunda kwenye mfuko, akitegemea kuona mtoto.

Lillian aliwaambia, "Iko mutu moja wa hiyo damu. Mukenya, fundi wa vitanda, anaitwa Jacktone. Anakaa Busia ya Kenya. Huyo hapana kataa. Kila siku ya kutoa damu anakuja mwenyewe."

Alibonyeza kitufe. Wote watatu walisimama mbele ya kompyuta, yeye, Oboth na Mangeni, na baada ya kitambo kidogo neno likatokea mbele ya jina la Jacktone: imefika.

Mangeni alimshika shemeji yake bega. Alijua lile neno limetoka wapi. Ni yeye aliyeifundisha Tarishi kulisema.

Kutoka Busia hadi hospitali ile, kwa pikipiki ya mtu mwenye haraka, si safari ya kuogopa. Walingoja. Lillian aliingia wodini, akatoka, akaingia tena. Uso wake ulikuwa unabadilika na Oboth alikuwa akiusoma. Oboth ana pikipiki yake. Alisimama akachukua ufunguo.

"Mimi nakwenda kumuchukua huyo mutu," alisema. "Nitauliza mafundi wa vitanda, watanionyesha."

"Shemeji, usiende," Mangeni akamwambia. "Mtapishana njiani. Meseji imefika, mimi najua hii kitu. Iko njiani huyo."

Oboth aliketi. Alimwamini. Angeachaje kumwamini, na huyu ndiye mwenye Tarishi?

Lillian akapiga simu, kwa ile namba iliyokuwa kwenye kompyuta. Ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena. "Inalia tu," alisema. "Hapana shika."

"Si iko juu ya piki, musawo?" Mangeni akamjibu nesi huyo. "Mutu wa piki atashikaje simu?"

Ilikuwa sawa kabisa, na ndiyo maana walizidi kungoja. Kila pikipiki iliyokata kona kuingia getini, Oboth alisimama. Hata mimi Mangeni alinipigia nikiwa kioskini. Alisema amekuwa mjomba wa msichana, kwamba damu ni kidogo mwilini mwa Nasirumbi lakini mwenye kuitoa ameshaitwa, anatoka upande wenu. Nilimwambia Mungu ni mwema. Hakunitajia jina, na mimi nilikuwa na wateja.

Nasirumbi alifariki kabla ya jua kupinda. Lillian anasema mara ya mwisho aliuliza kama kaka yake amekula.

Tulimzika Nabuyoga, nyumbani kwa mumewe. Mvua ilinyesha juu ya turubai na watu walisukumana kukwepa matone. Mama yake Mangeni alimbeba mtoto, akakataa kumpa mtu mwingine hata kwa dakika. Nami nikasikia kwa masikio yangu habari iliyokuwa ikizunguka kwenye viti: kulikuwa na Mkenya mmoja, mwenye damu ile, ameitwa, meseji ikamfika, akapigiwa na simu, akanyamaza. Kila aliyepokea aliongeza chumvi. Mpaka chakula kinapakuliwa, Mkenya alikuwa ameomba pesa kwanza. Mimi Mkenya nilikaa pale nikitazama viatu vyangu.

Mangeni hakukanusha. Alikuwa anamchukia mtu huyo kwa moyo wake wote. Wiki iliyofuata alikuja kioskini, hajanyoa, akaniuliza kama upande wetu namjua fundi wa vitanda aitwaye Jacktone.

"Jacktone wa besi?" nikasema. "Jacktone wa kwaya yetu?"

Nilimjua tangu ujana. Mtu mnene, mpole, mwoga wa mkewe, anayelia kwenye harusi za watu. Nilimwambia Mangeni hapa kuna kitu. Akasema kitu pekee kilichopo ni kwamba anataka kumwona usoni. Nilifunga kioski, tukavuka pamoja, maana niliogopa kumwacha aende peke yake.

Tulimkuta Jacktone akipiga randa ubao, na vumbi la mbao limemfunika mikono mpaka mabegani. Mangeni hakusalimia. Alimsimulia yote pale alipokuwa amesimama, dada yake, damu, meseji, simu iliyolia, na akamaliza kwa kumuuliza kama siku ile alilala vizuri.

Jacktone aliweka randa chini. Alitutazama mmoja mmoja kana kwamba tutasema ni utani.

"Siku hiyo nilikuwa hapa hapa," alisema. "Simu iko hapa, laini zote mbili ziko on. Ndugu yangu, mbona hamkunipigia?"

Alitoa simu, akatupa. Hakukuwa na meseji, wala simu yoyote ya Tororo. Mangeni akamwomba ataje namba aliyoandikisha hospitali. Jacktone akaitaja kama sisi sote tunavyotaja, sifuri saba na kuendelea. Ilikuwa ya laini yake ya Kenya.

Nimeuza laini miaka mingi na nilielewa baada ya Mangeni. Yeye alielewa palepale. Niliona mikono yake ikishuka. Alichukua simu yake, akaandika namba ileile akiitanguliza na alama ya Uganda, akapiga, akaweka sauti wazi. Akashika mama mmoja, mtu mzima, mahali fulani mbali ndani ya Uganda. Ndiyo, alipata meseji ya kumwita Jacktone akatoe damu. Aliifuta. Alidhani ni wale wezi wa simu, na walipompigia kwa namba asiyoijua akaogopa zaidi, akaiacha ilie. "Kwani ilikuwa kweli?" aliuliza.

Mangeni akakata simu. Jacktone alikuwa ameshaanza kulia. Nilitaka Mangeni naye alie, ningejua la kufanya. Hakulia. Alimwambia Jacktone samahani, akasema tena, kisha tukarudi, na pale kizuizi cha mpakani alisimama akitazama watu wanavyopita, mpaka askari akamuuliza kama ana shida.

Nawaambieni nilivyoona mimi. Nilikasirika, na sikujua wa kumkasirikia. Mtu wa Lumino aliomba tu karani wake asisumbuke. Ojangole alichukua toleo jipya kama wengine wote. Karani wa hospitali aliandika namba kama alivyotajiwa. Jacktone aliitaja kama alivyofundishwa na mpaka. Na Mangeni alitaka aitwe mtu wa hapa. Ukitafuta mwovu humpati, na mtoto kule Masinya kwa bibi yake ananyonya chupa.

Aliirudisha Tarishi kwenye ukaidi wake. Namba isiyo na nchi haitumwi. Alitoa toleo, na safari hii maelezo aliyaandika kwa mstari mmoja: msitumie toleo lililopita, limeua mtu. Wengine walidhani ni mzaha wa watu wa kompyuta.

Malalamiko yakarudi siku hiyohiyo. Umevunja kazi yetu. Kitu kilikuwa kinafanya kazi vizuri, kwa nini umekigusa? Mwingine akamwambia kama amechoka awape wanaojua. Nilimshauri awajibu awaeleze. Alisema alimweleza mmoja, na yule mtu akamjibu kwamba anampa pole sana, lakini je, hakuna njia ya kuzima hilo sharti?

Lililomla zaidi ni kwamba hakuweza kuwalazimisha. Toleo la zamani lilikuwa limeshachukuliwa, liko kwenye kompyuta za watu asiowajua, shule, vyama, zahanati labda, na linaendelea kutuma namba za Kenya kwa watu wa Uganda na kurudisha neno lilelile. Aliona kwenye mtandao kwamba wengi wamebaki nalo. Waliojulikana aliwafuata kwa miguu. Alikwenda Lumino, akakaa na karani wa samaki wakarekebisha namba zote. Alikwenda Malaba. Kazi za maajenti wa forodha zikalala. Nilimletea chakula nikakikuta jioni kimepoa, na hakukuwa tena na mtu wa kuja kumgombeza.

Hospitali aliiacha ya mwisho. Aliniomba nimsindikize, nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Ofisi ya Ojangole inatazama ua, na ng'ambo ya ua ni wodi ya wazazi. Mangeni alikaa akiipa mgongo. Ojangole alikuwa kijana wa adabu. Waliweka toleo jipya. Wakapitia wachangiaji wa damu wote, na kila mwenye namba fupi wakamtafuta na kumuuliza ni laini ya wapi. Lillian alikuja akasaidia, akipiga simu na kuuliza, "Wewe, hii namba ni ya huku ama ya kule?" Wengi walicheka kuulizwa swali kama hilo. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima.

Ilipokwisha, Ojangole akasema lazima wajaribu kwa mtu mmoja. Mangeni akasema, "Jaribu na ya Jacktone." Programu ile haikuwa na meseji ya majaribio. Ilikuwa na moja tu, na hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo. Ojangole alibonyeza kitufe. Baada ya kitambo kidogo, mbele ya jina la Jacktone likatokea neno: imefika.

"Hata siku ile iliandika hivyo," Mangeni akasema. Akanigeukia. "Dada Marion, mpigie. Muulize kama ameiona."

Nilipiga kwa laini yangu ya Kenya, namba niliyonayo miaka yote. Ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikalia, hakuna aliyeshika.

Sijawahi kuona mtu akigeuka rangi vile. Mangeni alimsukuma Ojangole atoke kitini, akaketi, akafungua msimbo wa Tarishi, yale maandishi yake ya ndani, akausoma tangu juu, midomo ikicheza. "Haijafika," alisema. "Iko inadanganya bado. Iko inadanganya bado." Lillian alijaribu kumpa maji. Nilipiga tena na tena, na kila ilipolia bure nilimwona anazidi kuinama kuelekea kwenye kioo. Alikuta alama ya Kenya ipo. Alikuta kila kitu kipo. Akaanza tena juu.

Hatukusikia pikipiki. Tulisikia mtu akiuliza njia kwa sauti nzito uani, na Lillian akatoka mbio.

Jacktone aliingia akihema, vumbi la barabara limeganda juu ya vumbi la mbao. Mkono wa shati wa kushoto alikuwa ameshaukunja mpaka juu ya kiwiko. Alituona, akanitambua, akamtambua Mangeni, na uso wake ukajaa hofu.

"Nimeona simu zako, Marion, lakini nilikuwa kwa nduthi, naendesha, singeweza kushika," alisema. "Nilitoka tu nilipoisoma. Nimechelewa? Nani mgonjwa?"

Lillian ndiye aliyepata akili. Alimshika Jacktone mkono uliokunjwa, taratibu, akamwambia hajachelewa, aje tu, damu yake itawekwa, iko mutu atakuja kuihitaji. Wakatoka wakivuka ua.

Mangeni alibaki kitini. Alitazama saa iliyo ukutani, akatazama simu yangu, na kwa mara ya kwanza siku ile akageuka akaitazama wodi.

"Angefika," aliniambia. "Dada Marion, angefika."